Kifaa Kilichofanya Kazi Mapema Mno

Mara ya kwanza kifaa chetu kilipohesabu matone ya dripu bila kukosea, tulikuwa watu watatu tumezunguka meza moja, na mmoja wetu akapiga makofi kama mtoto. Kilikuwa kibanio cha plastiki chenye ukubwa wa kiberiti, kinachobanwa kwenye chemba ya matone, yaani ile sehemu ya mpira wa dripu ambamo tone huonekana likianguka. Upande mmoja wa kibanio tulikuwa tumeweka taa ndogo ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na upande wa pili kihisi. Tone lilipopita katikati, mwanga ulikatika kidogo na namba kwenye kioo ikapanda. Tulitundika chupa ya maji ya chumvi kwenye stendi, tukahesabu wenyewe kwa macho huku tukitazama saa, na hesabu yetu ikalingana na ya kifaa. Niliondoka jioni ile nikiamini kwamba tumebakiza miezi michache tu. Ilituchukua zaidi ya miaka minne kukifikisha sokoni, na katika yote tuliyoyashangilia mezani, kilichosalia hadi mwisho ni lile wazo la kukatisha mwanga.

Tangu hapo nimesindikiza vifaa tiba vingine kadhaa kutoka kwenye wazo hadi kwenye kabati la wodi, na saa ninayoiogopa kuliko zote ni hiyo ya makofi. Mfano wa awali unapofanya kazi, huwanyamazisha watu. Mwekezaji haulizi tena kifaa kitamsaidia nani, anauliza kitauzwa lini. Mhandisi anaanza kung'arisha kasha. Na yale maswali ambayo bado yangeweza kujibiwa kwa penseli na karatasi yanaahirishwa hadi siku ambayo kuyajibu kunahitaji kuchonga upya kalibu ya chuma, ile inayolipa kasha la plastiki umbo lake. Sisemi kwamba mfano wa awali usitengenezwe. Utengenezwe mapema, tena kwa vipande vya bei ya chini, lakini kazi yake iwe kutufunulia tusichokijua, na ukishamaliza kazi hiyo utupwe bila huruma. Sisi wetu tuliuweka ndani ya kisanduku cha kioo.

Hofu hii si yangu peke yangu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilipochunguza vifaa ambavyo watengenezaji walivirudisha kutoka sokoni kwa hiari yao kati ya Oktoba 1983 na Septemba 1989, ilikuta kwamba takribani asilimia 44 ya kasoro zilizosababisha urudishaji huo zilikuwa zimeingia kupitia usanifu wenyewe. Kiwanda kilikuwa kimetengeneza kwa uaminifu kitu kilichokosewa tangu kwenye karatasi. Kanuni zake za mwaka 1996 ndipo zikadai kwamba usanifu nao udhibitiwe na uandikiwe kumbukumbu, kama uzalishaji. Kiwango cha kimataifa cha ubora wa vifaa tiba, ISO 13485, ambacho toleo lake linalotumika ni la mwaka 2016, kinadai jambo hilo hilo, na tangu tarehe 2 Februari 2026 kanuni za ubora za Marekani zenyewe zimejengwa juu ya kiwango hicho. Kijana anayeingia katika kazi hii huyaona madai hayo kama makaratasi ya kumchelewesha. Niliyaona hivyo nami, mpaka nilipokwenda wodini.

Nilikwenda wiki mbili baada ya siku ya makofi, nikiwa na mfano mmoja mfukoni, bila nia ya kuufunga kwa mgonjwa yeyote, kwa kuwa hatukuwa na kibali cha kamati ya maadili wala ushahidi wa kuombea kibali hicho. Nilitaka tu kuwaonyesha wauguzi na kusifiwa. Aliyenipokea alikuwa muuguzi mkuu wa zamu, mama aliyebakiza miaka michache kustaafu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniomba nimpe "hicho kidude" akione. Alikipokea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika mpira wa dripu. Alikuwa amevaa glavu. Kibanio chetu kilihitaji mikono miwili kukifungua, jambo ambalo mezani halikuwahi kutusumbua, kwa kuwa mezani mikono yetu yote miwili ilikuwa haina kazi nyingine. Alijaribu mara mbili kukifungua kwa kidole gumba, kikamteleza, akakiweka juu ya toroli. Kisha akafungua droo, akatoa paketi mbili za mipira ya dripu na kuziweka mbele yangu.

"Soma hapo, mwanangu," akasema.

Paketi moja iliandikwa kwamba matone 20 ni sawa na mililita moja. Ya pili iliandikwa matone 60.

"Sasa hiki chako kinajua nimefungua paketi ipi?"

Sikuwa na jibu, na nitaeleza kwa nini swali lile lilinitoa jasho. Mgonjwa akiandikiwa lita moja ya maji kwa saa nane, anapaswa kupata mililita 125 kwa saa. Kwa mpira wa matone 20, hiyo ni takribani matone 42 kwa dakika. Ikiwa kifaa kimeambiwa kwamba mpira ni wa 20 ilhali uliofungwa ni wa 60, kitaona matone 42 na kuonyesha mililita 125 kwa utulivu kabisa, huku mgonjwa akipata theluthi yake. Likitokea kinyume chake kwa mtoto, kifaa kikadhani mpira ni wa 60 na kumbe ni wa 20, mtoto atapata mara tatu ya kile kinachosomeka kwenye kioo. Kifaa hakitakuwa kimeharibika. Kitakuwa kinahesabu vizuri kabisa, kama kilivyohesabu siku ile mezani, ambapo tulikuwa na aina moja tu ya mpira kwa sababu ndiyo iliyopatikana siku tulipokwenda kununua.

Kabla sijaondoka, nilimwuliza Sista kama kuhesabu matone ni kazi inayomchosha. Nilitarajia akubali, kwa kuwa kifaa chote kilijengwa juu ya dhana hiyo. Alitikisa kichwa. Alisema matone amehesabu miaka mingi na anaweza kuyahesabu huku anazungumza. Kinachomuumiza ni usiku, akiwa na wagonjwa wengi na msaidizi mmoja, chupa ya kitanda cha mwisho ikaisha bila yeye kujua, damu ikapanda kwenye mpira, ikaganda kwenye kanula, ule mrija mdogo ulio ndani ya mshipa, na mgonjwa akahitaji kuchomwa upya. "Mimi sihitaji kuhesabiwa matone," akasema. "Niambie chupa ile kule mwisho itaisha saa ngapi."

Mazungumzo yale hayakufika dakika ishirini, na naamini yalikuwa na thamani kuliko miezi sita ya kazi iliyoyatangulia. Tulikuwa tumechukua kitu ambacho kihisi chetu kiliweza kukifanya, tukakiita hitaji la mtumiaji. Tangu hapo sikubali kuandika hitaji lolote ambalo siwezi kutaja ni nani aliyelisema, akiwa anafanya nini, na mikono yake ikiwa imeshika nini. Nimeona pia kwamba kuwauliza watu wanataka nini ni njia dhaifu, kwa kuwa watu wengi hujibu kwa adabu. Afadhali kukaa kwenye kona ya wodi zamu nzima, ukaandika kila mara mtu anapofanya jambo la ziada ili kuziba pengo la kifaa alichonacho. Plasta iliyobandikwa mahali pasipo pake, namba iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kasha la mashine, chupa iliyoning'inizwa kwenye dirisha kwa sababu stendi hazitoshi: hayo ndiyo mahitaji, yakiwa yameandikwa na wenyewe.

Tuliporudi ofisini, kazi ya kwanza ikawa sentensi moja. Kila kifaa tiba huandikiwa matumizi yaliyokusudiwa, na sentensi hiyo ndiyo inayoamua kifaa kitapangwa katika kundi gani la hatari, ni viwango vipi vitakihusu, na ni ushahidi wa kiasi gani utakaodaiwa. Rasimu yetu ilisema kwamba kifaa "husimamia mtiririko wa dripu". Mshauri wetu wa masuala ya udhibiti, mtu mpole asiyepandisha sauti, alizungushia duara neno "husimamia" na kutuuliza kama kifaa kina uwezo wa kubana mpira. Hakikuwa nao. Basi hakisimamii chochote, akasema, kinaonyesha. Na tukisema kinasimamia, mamlaka zitakitazama pamoja na pampu na vidhibiti vya dripu, zitudai majaribio ya pampu, kwa kifaa ambacho si pampu. Tukabadilisha: "huonyesha kasi ya matone na kukadiria muda uliobaki, ili kumsaidia muuguzi kufuatilia". Mwenzetu wa mauzo alilalamika kwamba sentensi hiyo haina mvuto, na miezi kadhaa baadaye nilikuta kipeperushi chake kikiahidi kwamba kifaa "huzuia" mgonjwa kuzidishiwa maji. Ilibidi vichanwe vyote. Ahadi iliyo kwenye kipeperushi ni sehemu ya matumizi yaliyokusudiwa sawa na iliyo kwenye fomu ya maombi, na mkaguzi husoma vyote viwili.

Baada ya sentensi yakaja masharti ya usanifu, na hapa ndipo nilipojifunza kuchukia vivumishi. "Kiwe rahisi kutumia" si sharti, kwa sababu hakuna jaribio linaloweza kulikataa. Tuliandika badala yake kwamba muuguzi aliyevaa glavu aweze kukifunga kwenye chemba kwa mkono mmoja, wowote kati ya miwili. Tuliandika kiwango cha chini na cha juu cha matone ambayo kifaa lazima kiyasome, na kosa linalovumilika katika kila kiwango. Tuliandika kwamba kiendelee kusoma jua likipiga moja kwa moja kwenye chemba, kwa sababu jua nalo lina infraredi na mfano wetu ulipofuka tulipousogeza dirishani. Kwamba kisome chemba ikiwa imeinama, maana tone hapo huteleza ukutani badala ya kuanguka katikati. Na kwamba matone yakienda kasi hadi kuwa mchirizi, kifaa kikiri kwamba kimeshindwa, kisiendelee kuonyesha namba ya mwisho iliyosomeka. Kila sharti lilikuwa na jaribio lake kabla hata ya mchoro wake kuwepo. Kazi hii ilituchosha kuliko kutengeneza saketi, na sijui njia yoyote ya mkato.

Sambamba na masharti huenda faili la hatari, yaani orodha ya madhara ambayo kifaa kinaweza kuleta na jinsi ya kuyazuia, linaloongozwa na kiwango cha ISO 14971 cha mwaka 2019. Wengi hulijaza mwishoni, kwa kukaa na jedwali na kubuni namba hadi kila mstari upate rangi ya kijani, na mkaguzi mwenye uzoefu hulitambua faili la namna hiyo kwa kurasa mbili. Likijazwa mapema, huwa ndilo linaloamua mabishano. Kwetu lilifanya hivyo siku programa wetu, kijana mwenye akili nyingi, alipopendekeza kwamba tuondoe kitufe cha kuchagua aina ya mpira, programu ikisie yenyewe kutokana na ukubwa wa kivuli cha tone. Alituonyesha, na kwa maji ya chumvi ilikisia vizuri. Lakini ukubwa wa tone hubadilika kwa aina ya maji na kwa kasi ya mtiririko, na katika faili mstari wa "aina ya mpira isiyo sahihi" ulikuwa na madhara makubwa kuliko mistari yote. Nilimsimulia habari ya Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani, ambayo kati ya Juni 1985 na Januari 1987 iliwapiga wagonjwa sita kwa mionzi iliyopita kiasi mno, baadhi yao wakafa. Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya kimitambo vilivyojitegemea. Katika ile mpya vizuizi hivyo viliondolewa na ulinzi ukaachiwa programu. Makosa yalikuwemo kwenye programu ya zamani pia, ila vile vizuizi vilikuwa vikiyameza kimya kimya, hata watu wakadhani programu ni safi. Kitufe chetu kikabaki, na ile kazi ya kivuli tukaitumia kumpinga mtumiaji tu: muuguzi akichagua 60 na kivuli kikaonekana kikubwa, kifaa kinamwomba ahakikishe.

Kutoka kwenye mfano hadi kwenye bidhaa ya kiwandani ndipo wengi huishiwa fedha, na mara nyingi kwa mambo madogo ya kusikitisha. Kasha letu lilitoka kwenye kalibu zuri, laini, lenye rangi tuliyoitaka. Tulipeleka sampuli wodini zifutwe tu, hakuna zaidi ya hapo: zifutwe kwa dawa ileile ya kuua vijidudu inayofutia matoroli, mara nyingi kwa siku. Baada ya wiki chache nyufa nyembamba kama nywele zikatokea kuzunguka matundu ya skrubu. Plastiki ya polikaboneti inayokazwa na skrubu huwa na mkazo ndani yake, na kemikali za usafi hupenya hapo hapo penye mkazo. Fundi wa kalibu alinifundisha jambo ambalo ningependa kila mbunifu alijue kabla ya kutia saini mchoro: chuma cha kalibu ukitaka kukipunguza ni rahisi, lakini kukirudishia ulichokwisha kukichonga ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo sehemu usiyo na uhakika nayo, acha chuma kingi, uchonge baadaye. Sisi tulikuwa tumekwisha chonga. Tulibadilisha plastiki na kuondoa skrubu, na kalibu moja tukaifanya chuma chakavu.

Majaribio ya umeme yalitupa funzo jingine. Kiwango cha IEC 60601-1-2 kinataka kifaa kivumilie cheche za umeme tuli, hadi kilovolti 8 kwa kugusana na 15 kupitia hewani. Chetu kilipigwa cheche, kioo kikazima, kikawaka tena baada ya sekunde moja, na wenzangu wakashusha pumzi kwamba kimepona. Mpimaji wa maabara akatuonyesha kioo. Hesabu ilikuwa imerudi sifuri, aina ya mpira imerudi kwenye 20, na hakuna mlio wowote uliomwarifu mtu. Kifaa kilichokufa kabisa, muuguzi anakiona. Chetu kilikuwa kimezaliwa upya kikiwa na imani nyingine, na kilionekana kizima. Tulirekebisha saketi, lakini rekebisho lililokuwa na maana zaidi halikuwa la saketi: tulifuta thamani ya kuanzia. Kifaa kikiwaka, kwa sababu yoyote ile, hakina aina ya mpira hadi mtu aichague, na kabla ya hapo hakionyeshi kasi.

Rekebisho hilo lilitusaidia tena katika jaribio la mwisho la matumizi. Mwongozo wa FDA wa mwaka 2016 kuhusu jambo hili hutaka washiriki wasiopungua 15 kwa kila kundi la watumiaji, katika mazingira yanayofanana na ya kazi, na bila mafunzo yanayozidi yale watakayopata kweli. Kabla ya kufuta thamani ya kuanzia, katika majaribio madogo ya mwanzoni, wauguzi walikuwa wakiiacha kama ilivyo hata pale tulipowapa mpira wa 60, na tulipowauliza kwa nini, mmoja alitujibu kwa uungwana kwamba alidhani kifaa kimekwisha kujua. Jibu hilo nililiandika jinsi lilivyotamkwa. Ushauri wangu kwa anayeandaa majaribio haya ni kwamba mbunifu wa kifaa asiwe chumbani. Nimewahi kukaa nyuma ya kioo nikimtazama mshiriki akigeuza kifaa juu chini kwa dakika nzima, na nilihisi mkono wangu ukiinuka wenyewe kwenda kumwelekeza.

Niongeze jambo kuhusu watu wanaochaguliwa kuthibitisha kifaa, kwa sababu uhakiki na uthibitishaji huchanganywa mno. Uhakiki unapima kifaa kwa masharti yaliyoandikwa. Uthibitishaji unapima kama masharti yenyewe yalikuwa ya kweli kwa watu watakaokitumia. Kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho kanuni yake ilibuniwa na Takuo Aoyagi nchini Japani mwaka 1974, ni kati ya vifaa vyenye manufaa makubwa katika tiba ya leo. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Ni kifaa kilichopita majaribio yake kwa miongo mingi. Kila ninapoiona orodha ya washiriki wa jaribio, siku hizi nauliza kwanza nani hayumo.

Katika mradi mwingine, wa katheta, mrija mwembamba unaoingizwa mwilini, inayouzwa ikiwa tasa, yaani bila vijidudu, tulifanya kosa la aina tofauti kabisa, la kalenda. Ili kuandika kwenye paketi kwamba bidhaa itadumu miaka miwili, si lazima kungoja miaka miwili. Huwekwa kwenye tanuri na kuzeeshwa haraka, kwa kukadiria kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, kuzeeka huenda mara mbili. Ukitoka nyuzi 25 hadi 55, kasi ni mara nane, kwa hiyo miaka miwili inakuwa takribani siku 91. Hesabu hiyo kila mmoja wetu aliijua. Hakuna aliyekumbuka kwamba paketi inayozeeshwa lazima iwe ile ya mwisho, yenye lebo ya mwisho, iliyokwisha pita kwenye gesi ya ethilini oksaidi inayoua vijidudu. Sisi tulibadilisha gundi ya lebo baada ya tanuri kuzimwa. Kila kitu kingine kilikuwa tayari, watu wote walikuwa wamelipwa, na tukakaa siku 91 nyingine tukilisubiri sanduku la chuma lenye joto.

Kuhusu maombi yenyewe sina mengi, kwa sababu yakiwa yameandaliwa njiani hayana maajabu. Njia ya 510(k) ya Marekani, inayotokana na sheria ya mwaka 1976, huuliza kama kifaa kipya kinalingana kwa kiasi cha kutosha na kilicho tayari sokoni. Lengo la mapitio ni siku 90, lakini saa husimama pale wanapokuomba maelezo ya ziada, na mwombaji hupewa hadi siku 180 kujibu. Ulaya, kanuni ya 2017/745 iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2021 imeongeza uzito wa ushahidi wa kitabibu na wa ufuatiliaji baada ya kuuza. Ninalosisitiza ni kuwauliza wadhibiti mapema. FDA hukubali maswali ya kabla ya maombi bila malipo, na mamlaka nyingine nyingi nazo hufungua mlango ukibisha hodi kwa adabu na ukiwa na maswali mahususi. Sisi hatukubisha, tukaja kuulizwa kuhusu mchirizi wa matone tukiwa mlangoni, na bahati yetu ni kwamba sharti lile lilikuwa limeandikwa miaka mitatu nyuma, na jaribio lake na tarehe yake.

Kifaa kilipofika sokoni nilidhani faili litafungwa. Lalamiko la kwanza lilikuja baada ya miezi miwili, likisema kifaa hakitoi mlio. Tulikipokea, tukakipima, mlio ulikuwepo kwa sauti iliyotakiwa. Fundi wetu alikuwa tayari kuandika "hakuna kasoro" pale nilipokigeuza na kuona kipande cha plasta, kimekatwa vizuri kwa mkasi, kimebandikwa juu ya matundu ya spika. Nilipiga simu wodini. Muuguzi aliyepokea hakuwa na kificho: kifaa kililia kila mgonjwa alipogeuka kitandani, kililia walipomsogeza, kililia usiku kucha, na wagonjwa wengine wakashindwa kulala. Katika masharti yetu tuliandika mlio uwe na nguvu kiasi gani na uanze baada ya sekunde ngapi. Hatukuandika popote ni mara ngapi unaruhusiwa kulia bila sababu, na katika mistari yote ya faili la hatari hakukuwa na ule wa muuguzi aliyechoka anayetafuta mkasi.

Niliibandua plasta ile taratibu isichanike, nikaitia kwenye mfuko wenye namba ya lalamiko, kisha nikalifungua faili na kuuandika mstari huo.